Uliza Tukujibu: Wavaskoni waliomba nani kabla ya kanisa kufika?

Toleo lililopita tuliweka kastori kafupi kuhusu ule mkono wa bronzi uliochimbuliwa karibu na mji wa Pamplona, kaskazini mwa Uhispania, tukasema tu ulikuwa wa watu wa kale waitwao Wavaskoni, basi, tukaendelea na mambo ya bei ya mahindi. Kumbe hatujamaliza. Meseji zimeingia hadi simu ya ofisi ikalalamika, wengine wanauliza vizuri, wengine wanatuhubiria, na mmoja wa Ahero ametuma sauti ya WhatsApp ndeefu ambayo nusu yake ni jogoo. Nimechukua yale ambayo yana jibu. Maswali ya "je, wataingia mbinguni" pelekeni kwa pasta, mimi nakaa Kisumu tu.

Habari ya kazi. Huo mkono ulikuwa mungu wao ama ni hirizi? Na hao Wavaskoni ni kina nani hasa, bado wako? — Fundi wa redio, Section 58, Nakuru

Poa fundi. Wavaskoni walikaa pale panapoitwa Navarra leo, na vipande vya Aragon na La Rioja, kuanzia milima ya Pyrenees kuteremka hadi mto Ebro. Waliowaandika ni Warumi na Wagiriki, wenyewe hawakutuachia kitabu. Jenerali Pompey alipiga kambi kwao kipupwe cha mwaka 75 kuingia 74 kabla ya Kristo, na Pamplona, ambayo zamani ilikuwa Pompaelo, ndiyo imebeba jina lake mpaka leo. Majirani sasa: magharibi kuna Wavarduli na Wakaristii (si Wakristo, msichanganye), kusini Waberoni na Waseltiberi ambao waliongea lugha za Kiselti, na ng'ambo ya milima upande wa Ufaransa kuna Waakwitania. Hao Waakwitania washike kichwani ju tutawarudia sana. Lugha yao ndiyo ukoo wa Kibaski, ambacho Wabaski wa pande hizo za Pyrenees wanaongea hadi leo, na Kibaski hakina ndugu mwingine hai dunia nzima.

Mkono wenyewe ulipatikana 2021 juu ya kilima cha Irulegi, ukatangazwa Novemba 2022. Si kitu kikubwa, urefu ni kama sentimita 14, unene milimita moja hivi, na zaidi ya nusu ya madini yake ni bati. Ni mkono wa kulia. Upande wa kifundo kuna tundu la msumari, na ukiuangalia vile maandishi yamekaa unaona kabisa ulipigiliwa vidole vikiangalia chini. Ulikua umelala kwenye nyumba iliyochomwa wakati wa vita vya Sertorius, jenerali Mrumi aliyeasi Roma, vile vya mwaka 82 hadi 72 kabla ya Kristo, nyumba ikaporomoka, matofali ya udongo yakaufunika, na hiyo ajali ya moto ndiyo imetuhifadhia. Maandishi ni mistari 4, na aliyeandika alikwaruza herufi kwanza halafu akarudi akazidonoa nukta nukta juu yake, yaani mtu alikaa chini akafanya kazi kwa utulivu, hakuwa anajaribu jaribu.

Neno la kwanza linafanana na lile ambalo Wabaski wa leo hutumia kwa mtu wa bahati njema, ndio maana wachimbaji wakasema hiki ni kitu cha kulinda nyumba, kiliwekwa mlangoni. Wataalamu wa lugha wengine wamevuta breki kidogo, wanasema herufi ya mwisho isomwe tena, na maneno yaliyobaki hakuna aliyeyafungua. Kuna pia wanaokumbusha kwamba Walusitani, watu wa magharibi kabisa, walikuwa wakikata mikono ya kulia ya mateka na kuitoa sadaka. Hiyo Strabo, yule Mgiriki wa zamani aliyeandika jiografia, ameandika. Kwa hivyo mkono wa kulia katika nchi ile haukuwa alama ya kupungia watu kwaheri tu. Lakini kusema ulikuwa "mungu", hapana. Hirizi uko karibu zaidi.

Mhariri, nilisoma chuoni kwamba kuna huyo Strabo alisema watu wa kule hawakuwa na Mungu kabisa, na sasa darasa langu la Fomu Tatu linabishana. Nani mkweli? — Mwalimu wa historia, Kakamega

Mwalimu, Strabo alisema, ila hakusema hivyo juu ya Wavaskoni. Aliowataja ni Wakallaiki, watu wa ile kona ya Galicia, na hata hapo aliweka "wengine wanasema". Halafu palepale, hata hajavuta pumzi, anasema Waseltiberi na majirani zao wa kaskazini wana mungu asiye na jina, na usiku wa mwezi mpevu wanamtolea sadaka mbele ya milango ya nyumba, familia nzima inatoka nje, wanacheza ngoma mpaka kuche. Sasa fungua ramani uone kaskazini ya Waseltiberi ni nani. Wavaskoni wako hapo hapo, ingawa hakuwataja.

Waambie Fomu Tatu wajiulize huyu mzee alikuwa nani kabla ya kumwamini. Strabo alikuwa Mgiriki wa kutoka Asia Ndogo, aliandika wakati wa Kaisari Augusto na Tiberio, na Uhispania yenyewe hakufika. Alisoma waliofika. Na Mgiriki akisema "mungu" ana maana ya mtu mwenye sanamu, mwenye hekalu, mwenye stori ya nani alimwoa nani na nani alimtupa nani kutoka mbinguni. Akifika kijiji ambacho hakina hayo yote, anaandika hapa hakuna kitu. Sisi tunaujua wimbo huo, wamisionari wa kwanza waliuimba hapa pia, halafu baadaye wakageuka wakachukua jina Nyasaye na jina Wele wakayaweka kwenye Biblia.

Strabo huyo huyo anasema watu wa milimani kaskazini walikula sana nyama ya mbuzi, na kwa Ares walichinja mbuzi dume, farasi na hata mateka. Ares ni mungu wa vita wa Wagiriki, so ni wazi wale wa milimani hawakumwita hivyo, ni yeye amewatafsiria bila kuwauliza.

Kitu kimoja tu nimekiona mimi na sikilazimishi: ngoma ya mwezi mpevu ilikuwa mlangoni, na mkono wa Irulegi ulikuwa mlangoni. Si ushahidi huo. Lakini mlango ulikuwa na kazi.

Nyanyangu alikuwa na kile kibanda kidogo cha namwima mbele ya boma, anaweka unga na kinywaji cha wazee. Nauliza hao nao walikuwa na miungu mingapi na majina yao ni gani? — Mama wa watoto wanne, Webuye

Mama, swali lako ndilo limenikalisha usiku, asante. Kwa upande wa Akwitania peke yake yamehesabiwa majina ya miungu kama 70, na upande wa Wavaskoni kuna mengine kadhaa. Yote tunayapata mahali pamoja: kwenye mawe. Warumi walipoingia walileta tabia ya kuchonga madhabahu kadogo ka jiwe, mengine hayafiki goti, unaandika jina la mungu, jina lako, na mwishoni herufi nne, V S L M. Maana yake fulani ametimiza nadhiri yake kwa hiari, kama ilivyostahili. Yaani uliomba kitu, ukaahidi, ukapata, sasa unalipa. Ni kama ile meseji ya M-Pesa ya kuthibitisha: nani ametuma, nani amepokea, deni limeisha. Stori ya kwa nini ulikua unadaiwa haimo. Kwa hivyo tunao miungu wengi na hatuna hadithi zao, na mtu akikuletea hadithi tamu ya mmoja wao muulize ameitoa wapi.

Majina unayotaka: kwa Wavaskoni kuna Larrahe, kuna Losa, kuna Selatse ambaye madhabahu zake zimetoka kijiji kimoja kiitwacho Barbarin, kuna Peremusta ambaye ameandikwa "mungu mkuu", na kuna Lacubegi wa Ujué. Hapo Ujué simama kidogo. Kuna familia moja, Telesphoros, Festa na Telesinus, walitoa madhabahu kwa Lacubegi, na familia hiyo hiyo ikatoa nyingine kwa Jupiter. Hawakuona shida. Jupiter ni wa serikali na wa mbingu ya kila mtu, Lacubegi ni wa pale mlimani kwao, na mtu mwenye akili hamnyimi salamu hata mmoja. Na ona majina yao, ni ya Kigiriki na Kirumi, inawezekana kabisa ukoo wao ulitokana na watumwa walioachiliwa, watu waliokuja kutoka mbali wakakuta mungu wa mahali wakaona heri kumjua.

Kwa Waakwitania ndio utafurahi. Pale Saint-Béat, ndani ya Pyrenees, kuna machimbo ya marumaru nyeupe, na wachonga mawe walikuwa na mungu wao wa machimbo, Erriapus, jina lake limeandikwa kwenye marumaru ileile waliyokuwa wanaikata. Karibu na hapo, Marignac, kuna jiwe ambalo wawili waliliweka kwa Silvanus, mungu wa misitu wa Warumi, na kwa milima, wakajisifu kwamba wao ndio wa kwanza kuchonga na kusafirisha kutoka hapo nguzo za futi 20. Sasa piga picha nguzo ya futi 20 ya marumaru inateremshwa mlimani hadi mtoni bila lori, kamba inaweza kukatika wakati wowote. Wewe ungemwomba nani? Ungeuomba mlima, wacha mchezo.

Kuna mungu anaitwa Fagus, ambaye ni mti, na kuna mwingine ambaye jina lake kwa Kilatini ni Miti Sita, sita kamili, si saba, maana yake mahali fulani kulikuwa na miti sita na kila mtu wa kijiji aliijua. Luchon kuna chemchemi za maji moto, ndiko alikokaa mungu Ilixo na wale mabinti wa majini. Ardiège kuna Leherennus ambaye baadaye aliunganishwa na Mars wa Warumi, wakaandikwa pamoja kama mtu na jina lake la kizungu. Na juu ya Tardets, kwenye kilima chenye kakanisa ka Maria Magdalena, ukutani kumeshikizwa jiwe la Caius Valerius Valerianus kwa mungu mwenye jina refu, Herauscorritsehe. Jiwe liko ndani ya kanisa! Hakuna aliyelivunja.

Umeniuliza pia kwa simu kama walikuwa wanaume ama wanawake. Kwa wengi jina pekee halisemi. Kibaski ni kama Kiswahili, hakigawi ke na ume kwenye sarufi, na mchongaji hakuchora mtu.

Ukishuka kwa Waseltiberi mambo yanabadilika kidogo, huko kuna miungu ambayo Waselti wa nchi nyingine pia walikuwa nayo, kama Lugus, ambaye ameandikwa kwenye mwamba mkubwa wa Peñalba de Villastar huko Teruel. Jiwe ninalolipenda ni la Uxama, leo Osma: Lucius Licinius Urcico anatoa zawadi kwa akina Lugus, kwa wingi, na anaitoa kwa chama cha washona viatu. Chama cha washona viatu! Mafundi wa pale Kibuye wakisoma hii wajue hawakuanza jana.

Bro, Mari wa mlima Anboto si ndiye mungu mke wa hao watu? Nimecheki video nyingi, wanasema ni dini ya miaka elfu kumi. — Kijana wa Kondele

Video zinalipwa kwa kubonyezwa, kijana. Mari yupo, kwa maana kwamba Wabaski wa vijijini walimsimulia hadi juzi juzi: mama anayekaa mapangoni, la Anboto likiwa maarufu kuliko yote, akihama pango hadi pango anapita angani kama mundu wa moto, mvua ya mawe iko mikononi mwake, na mumewe Sugaar ni nyoka. Ukimtembelea una masharti. Unamwita kwa neno la kuongea na rika, si la heshima, hukai chini hata akikukaribisha, na unatoka vile uliingia, yaani uliingia ukimtazama basi toka kinyumenyume ukimtazama. Mwenye kondoo 50 akisema ana 40, Mari anachukua wale 10 aliowakana. Hiyo sheria mimi naipenda na naona ingesaidia sana wakati wa kujaza fomu za kodi.

Ila waliokusanya hizi stori ni watu wa karne ya 19 na 20, na mkubwa wao ni padri José Miguel de Barandiarán, aliyezaliwa 1889 akafa 1991, alitembea kwa wazee kijiji kwa kijiji akaandika. Kazi safi sana. Lakini kati ya wale wazee na jiwe la mwisho la Selatse kuna zaidi ya miaka 1500 na katikati humo wamepita Warumi, Wavisigothi, maaskofu, mahujaji wa kwenda Santiago kwenye kaburi la mtakatifu Yakobo, na kila mmoja ameacha kitu. Jina Mari lenyewe halimo kwenye jiwe hata moja la Wavaskoni au Waakwitania. Mimi siwezi kulichukua la 1920 nikalivalisha nguo za mwaka 20. Inaweza kuwa baadhi ya mambo ni ya kale kweli, mapango, ngurumo, ile heshima ya mlima fulani wenye jina, hayo yanaendana na yale mawe. Miaka elfu kumi ni mtu alitoa hewani.

Jina la zamani kidogo lililoandikwa ni lile la karne ya 12, kwenye kitabu cha kuwaongoza mahujaji wa Santiago, ambapo mwandishi Mfaransa, ambaye aliwachukia Wabaski waziwazi, aliorodhesha maneno yao machache na akasema Mungu wanamwita Urcia. Kwa wakati huo walikuwa Wakristo kitambo. Wako wanaosema hilo neno lilikuwa la anga na radi, wengine wanakataa, na vita yao haijaisha.

Kwetu bundi akilia juu ya paa usiku watu hawalali. Je hao pia walisoma ndege? — Dereva wa matatu, njia ya Nakuru–Kericho

Walisoma sana dere, na hapa ndipo wametajwa kwa jina lao kabisa. Kuna maisha ya Kaisari Alexander Severus yaliyoandikwa kwa Kilatini, mwandishi akitaka kumsifu kwamba alikuwa bingwa wa kusoma ndege anasema aliwashinda hata Wavaskoni wa Uhispania na waaguzi wa Pannonia. Hicho kitabu kina uongo mwingi, wanahistoria hawakiamini kwa mambo ya siasa, lakini mfano kama huo hauwezi kufanya kazi kama msomaji hajui tayari kwamba Wavaskoni ni wakali wa ndege. Huwezi kumsifu mtu Kenya ati amekimbia kuwashinda Waturkana, utasema Wakalenjin.

Halafu karne ya 7 mtakatifu Amandus alitoka upande wa Wafaranki akaenda kuwahubiria, na aliyeandika maisha yake anasema aliwakuta wamezama kwenye uaguzi na sanamu. Kumbuka Pamplona ilikuwa na askofu tayari, Liliolus, alitia sahihi kwenye mtaguso wa Toledo mwaka 589. Kwa hivyo mjini kuna askofu, milimani kuna ndege, na miaka inakwenda hivyo hivyo.

Majirani Waseltiberi nao ndege wao alikuwa tai mla mizoga. Aliyefia vitani hakuchomwa, aliachwa nje aliwe, ju ndege akimla anambeba hadi kwa miungu juu. Mshairi Silius Italicus ameandika hivyo, na ukiona vyungu vya Numantia, mji wao, kuna picha ya askari ameanguka na ndege juu yake. Aliyekufa kitandani alichomwa kawaida.

Naomba kuuliza kuhusu maiti. Waliwazika wapi? Na watoto wachanga? — Nesi, Kisumu

Dada, watu wazima walichomwa, majivu yakawekwa kwenye chungu, ukienda Castejón huko Navarra kuna makaburi mengi ya namna hiyo kabla ya Warumi. Juu milimani wachungaji walifanya duara za mawe, ndogo, wakaweka majivu katikati, na duara hizo zinafuata Pyrenees kuanzia upande wa Andorra hadi bonde la mto Leizaran halafu zinakata ghafla, ng'ambo ya mto hakuna, kana kwamba hapo ulikua mpaka wa desturi.

Watoto wachanga waliozaliwa na kufa hapo hapo hawakupelekwa huko. Walizikwa chini ya sakafu ya nyumba, kando ya ukuta, bila kuchomwa. Wachimbaji wamewakuta Cortes huko Navarra na pia La Hoya, kwa Waberoni jirani. Wako wasomi waliodhani ni kafara ya kujenga nyumba, mimi siioni hiyo. Wewe umeshika watoto kama hao kazini. Mama angetaka awe wapi?

Je ni kweli wachawi waliochomwa kule walikuwa makuhani wa hiyo dini ya zamani? Naandika kutoka Kisii ambako hili jambo si la kuchekesha. — Msomaji wa kila mwezi

Si la kuchekesha kabisa, najua mnapotoka. Kijiji chenyewe ni Zugarramurdi, Navarra, na hukumu ilisomwa Logroño Novemba 1610. Watu 11 wakapelekwa motoni, 5 kati yao kwa mfano wa sanamu tu maana walikuwa wamekufia kifungoni. Halafu hofu ikazidi badala ya kupungua, watoto wakaanza kuota ndoto za kubebwa usiku, kila mtu akamtaja jirani.

Mmoja wa mahakimu watatu wa Baraza la Uchunguzi, ile mahakama ya kanisa iliyotoa hukumu, Alonso de Salazar Frías, akaona kuna kitu hakiendi sawa. Mwaka 1611 akatoka ofisini akazunguka milimani miezi mingi, akasikiliza watu 1,802, na kati yao 1,384 ni watoto. Aliwachukua mmoja mmoja kwenda kuonyesha mahali mkutano ulifanyika, kila mtu akaonyesha pake. Zile chupa za dawa za uchawi zikapimwa, wanyama wakapakwa na kulishwa, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Akaandika kwamba hapakuwa na mchawi wala mtu aliyerogwa hadi watu walipoanza kuyasema na kuyaandika hayo mambo. Mwaka 1614 wakubwa wake Madrid wakakubaliana naye, na uchomaji wa Baraza kule ukaisha. Ng'ambo ya mpaka, Ufaransa, hakimu Pierre de Lancre alikuwa ameshachoma watu wengi mwaka 1609.

Sasa makuhani wa Selatse na Losa? Hakuna hata ungamo moja lililomtaja mungu yeyote wa yale mawe. Waliungama shetani mwenye pembe, na hilo lilikuwa kichwani mwa mahakimu tayari kabla hawajauliza swali la kwanza. Ni wazee, wajane na majirani waliogombana. Tafadhali mtu akija na petroli na stori ya dini ya kale, mwambie hivyo.

Vipi vile vigae vya Veleia vyenye picha ya Yesu msalabani, si vinaonyesha Wabaski waliokoka mapema kuliko wote? — Mwinjilisti, Mumias

Vigae feki, mtumishi. Vilitangazwa 2006 kutoka Iruña-Veleia, kwa wale Wakaristii niliowaambia msichanganye, vina Kibaski cha ajabu, vina jina la Nefertiti, na juu ya msalaba wa Yesu wameandika RIP. Fikiria Mkristo wa karne ya tatu anaandika RIP kwa mtu anayeamini amefufuka. Tume ya wataalamu ilivikataa 2008 na mwaka 2020 aliyekuwa mkuu wa uchimbaji akapatikana na hatia mahakamani Vitoria.

Mzee wetu wa Seme anasema Kit Mikayi na hizo duara za mawe za Pyrenees ni kazi ya watu wamoja, ati Wabaski na Wajaluo ni ndugu waliopotezana Misri. Ukweli? — Mjukuu wake

Mpe mzee salamu zangu na heshima zake. Kit Mikayi haikupangwa na mtu, ni mwamba wa asili, mvua na jua ndivyo vilipasua. Duara za Pyrenees zilipangwa na mikono. Dholuo kina ndugu wengi wa kuonekana, Waacholi, Waalur, Walang'o wa Uganda, Washilluk wa Sudan Kusini, Kibaski hakina hata mmoja. Wanachofanana ni kwamba watu wanaenda hapo na shida zao, wanaomba, na wengine wanarudi kushukuru. Misri iacheni ipumzike.